Kidonda kifunikwe au kiachwe kipigwe na hewa? Mamangu na wa kemisti hawasikizani

#1 Kijana_wa_Umoja (Jumanne, saa 3:12 usiku)
Wakuu, hamjambo. Jumamosi jioni boda iliteleza nami pale Outering karibu na Donholm, mvua ndio ilikuwa imeisha na lami imejaa mchanga. Sikuvunjika kitu, ila magoti yote mawili yalichubuka vibaya, ngozi ikatoka kama ganda la kiazi. Kwa kemisti nikaoshwa, nikapakwa mafuta fulani, nikafungwa gozi na bendeji, nikaambiwa nirudi baada ya siku mbili na nisithubutu kuacha wazi.

Jana mamangu akaingia kutoka Murang'a. Kuona tu zile bendeji akauliza, "Unaficha nini?" Kwake yeye kidonda kinataka hewa, ukikifunga kinaoza. Amezitoa zote na kunikalisha rosheni na kaptura kama mtoto wa nasari. Leo naona juu kuna utando wa njano unang'aa. Mama anasema huo ni usaha na wa kulaumiwa ni bendeji. Wa kemisti anasema wa kulaumiwa ni Mama. Nani yuko sawa?

#2 Fundi_wa_Kamukunji (saa 3:20 usiku)
Sikiza mama yako. Miaka 17 nakata mabati, nimekatwa nayo mara nyingi kuliko nilivyonyolewa. Dawa ni spiriti. Mwagia, piga nduru moja, endelea na kazi. Kesho yake kimekauka, wiki ikiisha kigaga kinadondoka chenyewe. Bendeji ni za watu wa ofisi.

#3 Bi_Mkora (saa 3:24 usiku)
@Fundi na hiyo mikono yako ikoje leo, tutumie picha 😂

#4 Fundi_wa_Kamukunji (saa 3:26 usiku)
Iko na alama kama ramani ya Eastleigh. Lakini vidole ni kumi, hesabu.

#5 Nesi_Mstaafu (saa 3:51 usiku)
Mwanangu, pole. Nimefunga vidonda zaidi ya miaka 30, na nilipoanza kazi tulikuwa tunafundishwa kama anavyosema mama yako: kikauke. Mafunzo yalibadilika. Ngozi mpya haishuki kutoka juu kama rangi ya ukuta. Chembechembe zake hutambaa kutoka pembeni, na kwa mchubuko kama wako nyingine huchomoza kutoka kwenye mizizi ya vinyweleo. Zikikuta uso wenye unyevu zinateleza haraka. Zikikuta kigaga kikavu lazima zichimbe njia kupita chini yake. Mwaka 1962 George Winter aliandika katika jarida la Nature jinsi alivyojaribu kwa nguruwe: vidonda vingine alivifunika kwa karatasi ya plastiki, vingine akaviacha wazi. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa takriban nusu ya muda.

Huo utando wa njano usikutishe bado. Mara nyingi ni majimaji ya mwili yaliyoganda, ni sehemu ya kupona. Usaha ni mzito, mara nyingi unanuka, na huja pamoja na maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua. Je, yanazidi?

#6 Bi_Mkora (saa 3:55 usiku)
Sista, mleta uzi si nguruwe. Ingawa hatujamwona.

#7 Nesi_Mstaafu (saa 4:02 usiku)
Mwaka uliofuata, 1963, Hinman na Maibach wakajaribu kwa binadamu, wakapata picha ile ile. Kwa hiyo nguruwe au si nguruwe, afunike.

#8 Kijana_wa_Umoja (saa 4:10 usiku)
Asante Sista. Maumivu yanapungua, ila asubuhi nikikunja goti ndio nakumbuka ile boda. Kuna kitu sikusema: Jumapili nilijimwagia ile haidrojeni peroksaidi. Ilitoa povu kama soda, nikajua vijidudu vinakufa.

#9 Maabara_Tu (saa 4:31 usiku)
Hilo povu limedanganya watu wengi. Linatoka kwa sababu damu na nyama yako zina kimeng'enya kinachoitwa katalesi, ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Mwagia kwenye ini bichi la buchari au kipande cha kiazi, utaona povu lile lile bila mdudu hata mmoja. Povu halihesabu maiti za bakteria. Na inachoma pia zile chembe changa anazosema Sista. Spiriti ya Fundi hivyo hivyo: ni nzuri kwa ngozi nzima kabla ya sindano, si kwa nyama iliyo wazi.

#10 Fundi_wa_Kamukunji (saa 4:34 usiku)
Kama haichomi, dawa gani hiyo?

#11 Mzee_Kobe (saa 4:40 usiku)
Watoto wa siku hizi. Sisi bweni miaka ya 70 tulikuwa na GV tu, ile dawa ya maji ya gentian violet. Zambarau. Umeanguka uwanjani, GV. Vidonda vya mdomo, GV. Asubuhi ya gwaride shule nzima magoti ni zambarau kama askofu. Na tulipona. Hakuna mtu aliyetaja nguruwe.

#12 Maabara_Tu (saa 4:47 usiku)
Mzee, GV inaua bakteria fulani na fangasi, hapo huna makosa. Lakini 2019 serikali ya Kanada ilitoa onyo kuhusu hatari ya saratani, ndio maana sehemu nyingine zimeanza kuiweka kando. Shida yake nyingine ni ya kawaida kabisa: kidonda kikishapakwa zambarau, huoni tena kama kimebadilika rangi.

#13 Mzee_Kobe (saa 4:49 usiku)
Basi tulikufa na hatukuambiwa.

#14 Mvita_Asili (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)
Asalaam aleikum. Kabla hamjaendelea, enyi watu wa bara, kidonda na jeraha si kitu kimoja. Ukianguka leo ukachubuka, hilo ni jeraha, au useme mchubuko. Likikaa, likafanya maji, likawa halijapona, ndio kidonda. Likizidi na kula nyama ni donda ndugu. Huyu kijana ana majeraha mawili, bado hajafikia cheo cha kidonda.

#15 Bi_Mkora (saa 12:58 asubuhi)
Kumbe kuna kupandishwa cheo. Nasi Nairobi tuliruka madarasa.

#16 Dar_Mpaka_Moro (saa 1:15 asubuhi)
Na sisi Bongo tunawashangaa hilo neno "kemisti". Ni duka la dawa, jamani. Ila ndugu mleta mada, pole sana. Huku kwetu wengi hupasua ile kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Mimi mwenyewe nimefanya. Kinakauka chap.

#17 Nesi_Mstaafu (saa 1:40 asubuhi)
Huku pia hufanya hivyo, ndugu yangu, na ni moja ya mambo yaliyonichosha kazini. Kapsuli imetengenezwa ipite tumboni. Ukimwaga unga wake juu ya nyama unaganda kama saruji, uchafu unabaki chini, watu wengine ngozi inawasha na kuvimba, na bakteria wanaobaki wanazoea dawa. Siku utakayoihitaji kweli, haitafanya kazi.

#18 Mama_Mapacha (saa 2:05 asubuhi)
Naomba kuingilia, si magoti lakini ni karibu. Mwaka jana mmoja wa mapacha wangu alivuta sufuria ya uji, ukammwagikia mkono. Jirani akaja mbio na dawa ya meno, mwingine na unga wa ngano, mwingine anavunja yai. Nilipaka dawa ya meno kwa sababu ndiyo iliyofika kwanza. Tulipofika hospitali daktari alitumia muda mrefu akiitoa taratibu na mtoto analia. Bado nasikia ile sauti. Ilipona, ila hakuna kitu kilichoniuma kama kujua nililipa ile teksi kwenda kuongezea mtoto maumivu.

#19 Nesi_Mstaafu (saa 2:20 asubuhi)
Pole mama, ulitenda ulichojua. Kwa wengine wote: ukiungua, toa pete na bangili haraka kabla ya kuvimba, kisha maji ya bomba ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika 20. Dakika 20 kamili, tazama saa. Yanasaidia hata ukichelewa, mradi saa 3 hazijapita tangu kuungua. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na kwa mtoto mdogo nenda hospitali hata kama anaonekana sawa. Mtoto mpe maji kwenye mkono ulioungua lakini mwili wake mwingine umfunike asipate baridi.

#20 Ghorofa_ya_Tano (saa 2:33 asubuhi)
Sista nakuheshimu, lakini maji ya bomba dakika 20 ni ya mtaa gani? Mimi niko Pipeline, ghorofa ya tano. Maji huja Alhamisi usiku, na ukilala umeyakosa. Siku nyingine zote ni mtungi wa lita 20 uliopandishwa na mtu kwa ngazi. Kwa hesabu yangu, niungue Alhamisi tu.

#21 Bi_Mkora (saa 2:35 asubuhi)
Niungue Alhamisi tu 💀💀

#22 Nesi_Mstaafu (saa 3:10 asubuhi)
Umenikamata. Basi hivi: beseni chini, mkono juu yake, chota kwa kikombe, mwagia polepole. Yakishuka kwenye beseni chota tena yale yale, mradi bado ni baridi na beseni ni safi. Ukiwa na lita tano unaweza kuzizungusha muda wote huo. Shida ikizidi, kitambaa safi kilicholowa, ukibadilishe kila kinapopata joto. Na ya kuoshea jeraha la kawaida si lazima yawe ya dukani. Maji unayoweza kunywa bila wasiwasi yanatosha kuoshea. Ukitaka ya chumvi: chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yapoe kabisa.

#23 Fundi_wa_Kamukunji (saa 3:14 asubuhi)
Hapo kwa chumvi umerudi kwangu. Dawa inachoma.

#24 Nesi_Mstaafu (saa 3:16 asubuhi)
Haichomi ukipima sawa. Kama inachoma, umetengeneza ya kukaushia samaki.

#25 Abiria_Mwenye_Alama (saa 4:02 asubuhi)
Na ya ekzosti je? Nina ile alama ya mviringo kwenye shavu la mguu wa kulia, kila mtu ofisini kwetu anayepanda boda anayo. Ni kama stempu ya kuingia Nairobi.

#26 Rubani_wa_Boda (saa 4:20 asubuhi)
Ekzosti ya hizi pikipiki nyingi iko upande wa kulia. Kila siku nasema, shuka kushoto, shuka kushoto, mteja anashuka kulia akiwa kwenye simu. Halafu lawama ni zangu. @Kijana_wa_Umoja samahani kwa niaba ya mwenzangu, ingawa huo mchanga si sisi tuliouleta.

#27 Kijana_wa_Umoja (saa 6:30 mchana)
Niko kazini na kaptura chini ya suruali, usiniulize. Nimemsomea Mama uzi huu wote. Kwa nguruwe alicheka. Kwa Sista akanyamaza. Kisha akasema, "Mwulize huyo nesi, kuku wangu akijikata nani humfunga bendeji?"

#28 Kamba_wa_Kitui (saa 7:00 mchana)
Mmesahau asali. Wamisri wa kale walitumia. Nyumbani ukikatwa na panga unapakwa asali na kitambaa juu, basi. Inanyonya maji kutoka kwa wadudu na kuwanyima pa kuishi, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa peroksaidi kidogo kidogo, ile ile aliyojimwagia kijana kwa chupa, sasa kwa kipimo cha nyuki.

#29 Maabara_Tu (saa 7:12 mchana)
Ni kweli, na hospitali za nje hutumia asali iliyosafishwa kwa mionzi. Lakini hiyo ya chupa ya soda unayouziwa kwa dirisha la matatu huwezi kujua ina nini. Nusu yake ni sukari nguru iliyochemshwa.

#30 Ghorofa_ya_Tano (saa 7:15 mchana)
Mbona nimewahi kusoma kuwa hata sukari yenyewe hutumika?

#31 Maabara_Tu (saa 7:29 mchana)
Sawa kabisa. Yupo Moses Murandu, muuguzi kutoka Zimbabwe, amefundisha Chuo Kikuu cha Wolverhampton Uingereza. Utotoni babake alikuwa akiwawekea sukari kwenye vidonda. Alipofika Uingereza akashangaa hawaijui, akaanza kuifanyia utafiti hospitalini. Inafanya kama asali: inakausha makazi ya bakteria. Ila alikuwa anatumia sukari kavu nyingi, kwa usimamizi, na bendeji juu. Si kijiko ulichokorogea chai.

#32 Kamba_wa_Kitui (saa 7:31 mchana)
Kwa hivyo hata asali feki ya matatu inaponya. Nimeshinda pande zote.

#33 Fundi_wa_Kamukunji (saa 7:33 mchana)
Na nzi? Mkipakana sukari Kamukunji, wale nzi wa mtoni watawapeleka nyumbani.

#34 Kimya_Kingi (saa 2:44 usiku)
Mimi husoma tu, siandiki. Leo niandike. Baba yangu, Kayole, alipata lengelenge dogo kidoleni kwa sababu ya viatu vipya. Halikumuuma hata kidogo, ndio maana hakujali. Akaliacha wazi lipate hewa, kisha akaanza mwarobaini, kisha unga wa kapsuli kama wa ndugu wa Dar. Miezi mitatu. Tulikuwa tunabishana hivi hivi, funika, usifunike. Siku moja nesi mmoja wa kliniki ya mtaa hakutazama kidonda kwanza, alimchoma kidole na kupima sukari. 22. Hakuna mtu nyumbani aliyejua ana kisukari. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Yuko hai, anatembea na fimbo, anatukana serikali kama kawaida. Lakini kufunika au kutofunika hakukuwa swali letu, na tulilizungumza miezi mitatu.

#35 Nesi_Mstaafu (saa 3:05 usiku)
Pole sana, na ahsante kwa kuandika. Watu washike hapo pa "halikumuuma". Kisukari huua hisia za miguu, mtu anakanyaga msumari na kuendelea na safari. Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha 7 na kuendelea ndicho cha kisukari. Huyo wa 22 damu yake ilikuwa sharubati, na kidonda hakiponi kwenye sharubati. Kidonda chochote cha mguu kinachomaliza wiki mbili bila dalili ya kufunga, kapimwe sukari kabla ya kubadilisha dawa tena.

#36 Mama_Mapacha (saa 3:11 usiku)
Kesho nampeleka mamangu.

#37 Bi_Mkora (saa 3:40 usiku)
Sina utani hapo. @Kimya_Kingi msalimie mzee.

#38 Dar_Mpaka_Moro (Alhamisi, saa 1:00 asubuhi)
Mimi ndiye ndugu wa Dar. Nimesoma, nimeelewa. Swali: pepopunda je? Kijana alianguka barabarani, si kwenye chuma chenye kutu. Yuko salama?

#39 Maabara_Tu (saa 1:22 asubuhi)
Kutu haina hatia. Mbegu za bakteria wa pepopunda ziko kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha mifugo. Msumari wenye kutu ni gari tu la kuzibeba ndani kabisa ambako hakuna hewa. Lami ya Outering baada ya mvua ni udongo mtupu. Dalili huchukua kama siku 3 hadi 21, zinaanzia mara nyingi kwenye taya kukaza.

#40 Nesi_Mstaafu (saa 1:45 asubuhi)
Kijana, chanjo yako ya mwisho lini? Kwa jeraha chafu, kama imepita miaka 5, ongezwa. Kwa safi ni 10. Na kama hukumbuki, jibu ni kama hujapata.

#41 Mzee_Kobe (saa 2:00 asubuhi)
Si chanjo ya pepopunda ndiyo ile ya kelele za 2014? Kanisani tuliambiwa akina mama wasichomwe.

#42 Nesi_Mstaafu (saa 2:09 asubuhi)
Maaskofu Wakatoliki walidai ina homoni ya kuzuia mimba, Wizara na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Mzee, mimi nilisimama na kile kisanduku cha baridi nikiwa Mkatoliki. Nimewaona watoto wachanga wa pepopunda miaka ya 80, wamekakamaa kama upinde, ukiwasha taa wanashtuka. Tusiende huko leo, nitaandika mpaka usiku.

#43 Mvita_Asili (saa 2:30 asubuhi)
Swali la chakula. Nyanya yangu akikwambia una jeraha usile mayai wala pweza, ati kitatunga usaha. Ni kweli?

#44 Kamba_wa_Kitui (saa 2:38 asubuhi)
Kwetu pia mayai hapana. Pweza hatujamwona.

#45 Nesi_Mstaafu (saa 2:50 asubuhi)
Kinyume chake. Nyama mpya inajengwa kwa protini: mayai, maharagwe, omena, ndengu. Vitamini C ya machungwa na mapera inasaidia kushikanisha. Mgonjwa anayekatazwa mayai na kunyweshwa chai kavu ndiye anayenirudia na kidonda kile kile.

#46 Mvita_Asili (saa 2:52 asubuhi)
Nyanya keshafariki, sina wa kumpelekea habari. Lakini nikikumbuka vizuri, pweza alikuwa akibaki wote sahani yake.

#47 Abiria_Mwenye_Alama (saa 4:15 asubuhi)
Jambo linalonisumbua: kila mahali wanaandika "tazama wekundu unaosambaa". Mimi ni mweusi wa Turkana, wekundu nitauonea wapi?

#48 Nesi_Mstaafu (saa 4:40 asubuhi)
Swali bora kuliko yote hapa. Vitabu tulivyosomea viliandikwa na watu wa ngozi nyingine. Kwetu tumia mkono kuliko jicho: gusa kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe na mguu mwingine. Joto, ugumu, ngozi kuvutika na kung'aa, weusi au uzambarau unaopanuka. Chora duara kwa kalamu ya wino pembeni ya uvimbe. Kesho ukivuka mstari, au homa ikija, nenda hospitali.

#49 Ghorofa_ya_Tano (saa 5:02 asubuhi)
Wazo. Mleta uzi ana magoti mawili. Moja la Sista, moja la Mama. Tumalize ubishi.

#50 Bi_Mkora (saa 5:03 asubuhi)
Jamani, sayansi imefika Umoja!

#51 Kijana_wa_Umoja (saa 7:20 mchana)
Nimekubali. Kushoto ni la Sista: naosha kwa maji ya chumvi, napaka mafuta mepesi ya mgando, gozi isiyonata, nabadilisha kila siku. Kulia ni la Mama: hewa, jua la asubuhi, na majani ya kishona nguo aliyoyachuma nyuma ya ploti. Sindano ya pepopunda nimechomwa leo, mkono unauma kuliko magoti.

#52 Nesi_Mstaafu (saa 7:31 mchana)
Majani hayo yaliyotoka nyuma ya ploti, mbwa amepita hapo mara ngapi? Mweleze Mama kwa heshima.

#53 Bi_Mkora (saa 7:36 mchana)
Hayo mafuta ya mgando ni yale ya kukamulia yenye picha ya ng'ombe?

#54 Kijana_wa_Umoja (saa 7:41 mchana)
Sijibu hilo.

#55 Kijana_wa_Umoja (Jumatano iliyofuata, saa 2:15 usiku)
Ripoti. Leo ni siku ya 12 tangu nianguke. Goti la Sista lilifunga Jumatatu, siku ya 10, ngozi ni laini, ya waridi kidogo. Goti la Mama lilikuwa na kigaga kizuri cheusi mpaka jana asubuhi. Nikaruka matatu pale Mutindwa, nikakunja goti, kikapasuka katikati, damu mpaka soksi. Majani niliacha siku ya pili baada ya kumweleza Mama kwa heshima. Alinijibu bila heshima.

#56 Nesi_Mstaafu (saa 2:22 usiku)
Sina la kuongeza.

#57 Fundi_wa_Kamukunji (saa 2:25 usiku)
Mimi ninalo. Ulianguka upande gani? Kama uliangukia kulia, goti la kulia liliumia zaidi tangu mwanzo. Kesi hii imeharibika ushahidi.

#58 Kijana_wa_Umoja (saa 2:27 usiku)
...niliangukia kulia.

#59 Fundi_wa_Kamukunji (saa 2:27 usiku)
Ahaa!

#60 Maabara_Tu (saa 2:34 usiku)
Fundi ana hoja, inaniuma kukiri. Halafu sampuli ni mtu mmoja. Na la kushoto lilipata mafuta na kuoshwa kila siku, la kulia lilipata majani. Hatujui ni unyevu uliofanya kazi au ni usafi tu.

#61 Kamba_wa_Kitui (saa 2:36 usiku)
Ni kwamba hakuna aliyepaka asali.

#62 Mama_Mapacha (saa 2:50 usiku)
Kovu likianza kuvimba na kupita mpaka wa jeraha uangalie, sisi ngozi nyeusi kovu kuota nyama ni rahisi. La mtoto wangu tunalipaka na kulikanda. Mamangu nilimpima, sukari ni sawa, ahsante @Kimya_Kingi.

#63 Mvita_Asili (saa 2:58 usiku)
Na sasa la kulia limepasuka na kuanza upya, naona limekaribia kuwa kidonda. Hongera kwa kupanda cheo.

#64 Ghorofa_ya_Tano (saa 3:05 usiku)
Mama anasemaje?

#65 Kijana_wa_Umoja (saa 3:19 usiku)
Anasema la kushoto limepona haraka kwa sababu ni laini, halina nguvu, na la kulia litapona vizuri zaidi likiamua. Kesho anarudi Murang'a. Sasa hivi anafunga mzigo, ameniomba zile gozi zisizonata zilizobaki. Kuna ndama amejikwaruza na waya wa senyenge, na nzi wanamsumbua.

#66 Nesi_Mstaafu (saa 3:21 usiku)
Mpe zote.